Mishipa ya kupandikiza moyoni ianze kulindwa Mtwara, mgonjwa kabla hajapanda basi

Mgonjwa wa Tandahimba au Nachingwea akiandikiwa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kupandikizwa mishipa ya moyo, ndugu zake huuliza mambo mawili: itagharimu shilingi ngapi, na je, atapona? Swali la tatu haliulizwi: watatumia mshipa upi, na watautoa vipi? Hilo lina uzito mkubwa katika kuamua kama baada ya miaka 10 mtu huyu atakuwa bado anapalilia mikorosho yake au atakuwa amerudiwa na maumivu yaleyale ya kifua, safari hii akiwa na kovu kidarini na mishipa michache zaidi ya kuchukua.

Uhai wa mshipa uliopandikizwa huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla sindano ya kwanza haijagusa moyo: wakati mshipa unachaguliwa, unapochunwa, unapolowekwa ukisubiri kushonwa. Na kwa mgonjwa wa kusini maandalizi hayo yanatakiwa yaanze mapema zaidi, wodini Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, mikononi mwa muuguzi anayetafuta mahali pa kuweka kanula, ule mrija mdogo wa plastiki wa kupitishia dripu.

Umbali ndio unaolifanya jambo hili liwe zito kwetu kuliko kwa mkazi wa Kinondoni. Kutoka Mtwara mjini hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara. Mei 2024 mafuriko na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara maeneo ya Somanga, Kilwa, mabasi yalisimama na mikoa miwili ikabaki bila njia yake kuu ya kwenda Dar es Salaam. Mshipa uliopandikizwa ukiziba, aliye karibu na hospitali kubwa hurudishwa mezani upesi. Wa Newala huanza kwanza kutafuta nauli. Kwa hiyo wa Newala ndiye anayestahili zaidi mshipa wa kudumu, uliotolewa kwa subira.

Upasuaji wenyewe, kwa maneno mafupi, ni kutengeneza njia ya pembeni. Ateri ya moyo imezibwa na mafuta na chokaa. Daktari anachukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe kutoka kwingine, anaushona mbele ya kizibo, na damu inapita huko. Mishipa inayochukuliwa hutoka hasa sehemu tatu: ateri ya ndani ya kifua, inayoteremka nyuma ya mbavu kandokando ya mfupa wa kidari, ateri ya radiali, ile ya kifundo cha mkono ambayo wauguzi huishika wakipima mapigo, na vena ya safena, inayopanda ndani ya mguu kutoka kifundoni hadi kwenye kinena.

Hazilingani hata kidogo. Ateri ya kifua ya kushoto ikishonwa kwenye ateri kuu ya mbele ya moyo, baada ya miaka 10 zaidi ya 90 katika kila 100 huwa bado zinapitisha damu. Vena ya mguu iliyotolewa kwa njia ya kawaida, takribani nusu huwa zimeziba au zimeharibika kwa kipindi hichohicho. Sababu imo katika kuta zao. Ukuta wa ateri ya kifua una misuli michache na nyuzi nyingi za kunyumbuka, na utando wake wa ndani hutoa kwa wingi oksidi ya naitriki, kemikali inayoulegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Vena haikuumbwa kubeba presha ya ateri. Ikihamishiwa moyoni, mwezi wa kwanza huweza kuziba kwa damu kuganda; miezi inayofuata ukuta wake hunenepa kwa ndani; na baada ya mwaka mafuta huanza kujijenga humo, kwa kasi kuliko yanavyojijenga ndani ya ateri.

Ujuzi huu haukuja kwa siku moja. Vasilii Kolesov aliishona ateri ya kifua kwenye ateri ya moyo mjini Leningrad mwaka 1964. René Favaloro, Muajentina aliyekuwa Cleveland, Marekani, alianza kutumia vena ya mguu mwaka 1967, na kwa kuwa vena ni ndefu, nene na rahisi kushona, dunia ikamfuata yeye. George Green wa New York aliendelea na ateri ya kifua kuanzia 1968, akishona kwa msaada wa hadubini. Ilibidi ifike 1986 ndipo madaktari wa Cleveland walipochapisha ufuatiliaji wa miaka 10 ulioonyesha kwamba wagonjwa waliopata ateri ya kifua waliishi zaidi. Tangu hapo, ateri ya kifua ya kushoto kwenda ateri kuu ya mbele ndiyo kanuni, na daktari anayeiacha anapaswa kuwa na sababu anayoweza kuiandika kwenye faili.

Ubishi uliobaki ni namna ya kuitoa. Njia ya zamani ni kuitoa pamoja na nyama zake: utepe wa upana wa sentimita 2 hivi wenye ateri katikati, vena zake mbili pembeni, mafuta na utando wa kifua. Njia ya pili ni kuichuna peke yake, ikatoka tupu, vena na utando vikabaki ukutani. Kila njia ina wafuasi, na wengi wao huitetea ile waliyofundishwa nayo.

Kuichuna kuna faida za kweli. Ateri iliyochunwa hurefuka kwa sentimita kadhaa, ikafika mbali zaidi kwenye moyo. Vena na vijitawi vinavyolisha mfupa wa kidari hubaki kwa wingi zaidi, hivyo mfupa unapata damu ya kuuponya. Kwa mwenye kisukari hili ni jambo kubwa, kwa sababu kidonda cha kidari kilichooza hadi mfupani ni miongoni mwa maafa mabaya kabisa ya upasuaji wa moyo: wiki kadhaa hospitalini, upasuaji wa kurudia, na wengine hawatoki. Daktari anayetaka kutumia ateri zote mbili za kifua, ya kulia na ya kushoto, hana ruhusa ya kuzitoa na nyama zake kwa mgonjwa wa kisukari. Hapo kuchuna ni lazima.

Lakini kuchuna kunaiweka ateri uchi mbele ya kila kosa la mkono. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 1,000 waliokuwa kwenye COMPASS, jaribio la dawa za kuzuia damu kuganda, waliopigwa picha za CT mwaka mmoja baada ya upasuaji. Ateri zilizochunwa zilikuwa zimeharibika kwa asilimia 9.6, zilizotolewa na nyama zake, asilimia 3.9. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura kati ya njia hizo mbili, kwa hiyo tofauti hiyo isichukuliwe kama hukumu ya mwisho. Hata hivyo inatosha kusema kwamba kwa mgonjwa anayehitaji ateri moja tu ya kifua, asiye na kisukari wala unene wa kupindukia, njia ya zamani haina aibu yoyote. Kuchuna kwa ajili ya kuonekana wa kisasa ni kumwongezea mgonjwa hatari bila malipo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mfupa wa kidari ukishapasuliwa, upande wa kushoto huinuliwa kwa kitanua maalumu. Kuuinua kupita kiasi huvunja mbavu na kuzivuta neva za bega, mgonjwa akaamka na ganzi ya vidole ambayo hakwenda nayo. Mtaalamu wa usingizi hupunguza hewa ya mapafu ili pafu la kushoto lisije juu ya mkono wa daktari. Ateri huonekana au hupapaswa sentimita 1 hadi 2 kutoka ukingo wa kidari. Utando hupasuliwa sambamba nayo, kisha ateri huteremshwa taratibu, tawi kwa tawi.

Kila tawi linaloelekea kati ya mbavu huwekwa klipu ndogo ya chuma upande wa ateri na kukatwa baada ya klipu. Klipu ikikaa karibu mno huuminya ukuta wa ateri; ikikaa mbali huacha kisiki ambamo damu husimama na kuganda. Kisu cha umeme kiwekwe kwenye nguvu ya chini kadiri inavyotosha, na kisiachwe kikaunguza tawi karibu na shina, kwa maana joto husafiri ndani ya tawi hadi kwenye ateri na kuunguza utando wa ndani bila alama yoyote nje. Wanaotumia kisu cha mawimbi ya sauti huokoa muda, lakini nacho kina joto: kikibaki mahali pamoja kwa sekunde nyingi hudhuru vilevile. Na ateri yenyewe haishikwi kwa koleo. Hushikwa nyama iliyo pembeni yake, au ule utando mwembamba wa nje. Koleo likibana ukuta mzima hupasua tabaka za ndani, damu hupenya katikati ya tabaka, na doa jeusi hutokea ukutani. Kipande chenye doa hilo hukatwa na kutupwa. Kikishonwa kwa matumaini, huziba.

Juu kabisa, karibu na ateri ya chini ya mtulinga, lipo tawi la kwanza la mbavu na ipo neva ya kiwambo cha kupumulia. Tawi likiachwa huweza kuiba damu iliyokusudiwa moyoni, japo ukubwa wa wizi huo unabishaniwa. Neva ikiunguzwa, nusu ya kiwambo hupooza na mgonjwa huweza kushindwa kuachana na mashine ya kupumulia. Wenye haraka huumia hapa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Ateri haikatwi mwisho wake wa chini mpaka mgonjwa awe amepewa heparini na dawa imezunguka mwilini, la sivyo damu itaganda ndani yake ikisubiri. Ikishakatwa, huachwa imwage damu kwa sekunde chache, na mtu aitazame. Damu ikiruka kwa nguvu, vema. Ikichuruzika, sababu ni mojawapo kati ya tatu: presha ya mgonjwa iko chini, ateri imekaza, au tabaka zimepasuka. Huzungushiwa shashi yenye papaverini, miligramu 1 hadi 2 kwa kila mililita, ikaachwa ilegee huku kazi nyingine ikiendelea, kisha ikapimwa upya. Kuingiza kijiti cha chuma ndani ili kuitanua ni tabia iliyopaswa kufa zamani. Kuingiza papaverini tupu ndani ya mshipa pia: dawa hiyo ni tindikali, hudhuru utando wa ndani, na ikikutana na damu huweza kufanya chembechembe.

Jambo moja dogo husahaulika. Ateri hii inapotoka kifuani kwenda moyoni hupita mbele ya pafu, na pafu likijaa hewa huisukuma. Utando wa nje wa moyo upasuliwe pembeni, kwa uangalifu wa neva ileile ya kiwambo, ili ateri ilale bondeni bila kuvutwa. Kushona kukiwa kuzuri namna gani, mvutano wa kila pumzi hulegeza mshono au kuikunja ateri.

Sasa mkono. Ateri ya radiali ina historia ya kukataliwa na kurudishwa. Alain Carpentier wa Ufaransa aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaziba kwa wengi, akashauri iachwe. Miaka ya mwanzo ya 1990 ndipo wenzake wa Paris walipoona kwa baadhi ya wagonjwa wale wa zamani mishipa iliyokuwa bado wazi kabisa, wakairudia kwa mbinu mpya: kutoigusa, kuitoa na vena zake pembeni, na kutumia dawa za kuilegeza. Mwaka 2018 majaribio sita ya kura yaliunganishwa, wagonjwa 1,036, na baada ya miaka mitano waliopata radiali walikuwa na matukio machache ya moyo kuliko waliopata vena. Hatari ya mshipa kuziba ilikuwa chini ya nusu. Kwangu hiyo inatosha kuifanya radiali kuwa mshipa wa pili kwa mgonjwa wa kusini, ikiwa masharti yake yametimia.

Sharti la kwanza ni kizibo chenyewe. Radiali ina misuli mingi, hivyo ni nyepesi kukaza. Ikishonwa kwenye ateri ya moyo ambayo bado inapitisha damu ya kutosha, mikondo miwili hushindana, wa radiali hufifia, nayo husinyaa kama uzi. Kwa ateri za upande wa kushoto wa moyo kizibo kiwe zaidi ya asilimia 70. Kwa ya kulia, karibu asilimia 90 au zaidi. Chini ya hapo, vena iliyotolewa vizuri ni chaguo bora.

Sharti la pili ni mkono kubaki na damu. Ateri ya ulna, upande wa kidole kidogo, ndiyo itakayobaki peke yake. Kipimo cha Allen ni rahisi: mgonjwa anakunja ngumi, ateri zote mbili zinabanwa, anafungua kiganja kikiwa kimepauka, kisha ulna inaachiwa. Wekundu ukirudi ndani ya sekunde 5 au 6 ni salama. Ukipita sekunde 10 mkono huo uachwe. Anayetaka uhakika aweke kipimo cha oksijeni kwenye kidole gumba, abane radiali, atazame kama mawimbi yanaendelea. Kifaa hicho kipo sasa hata kwenye vituo vya afya. Palipo na ultrasaundi, mshipa wenye kipenyo chini ya milimita 2 au wenye chokaa ukutani haufai.

Sharti la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Radiali iliyokwisha kuchomwa ni radiali iliyojeruhiwa. Katheta, mrija mwembamba wa kuchunguza moyo, ikipitishwa humo, utando wa ndani huchubuka, na mshipa huo haupaswi kupandikizwa. Ndiyo maana kipimo cha katheta kipite mkono wa kulia kwa mtu anayetumia wa kulia, wa kushoto ubaki bikira kwa ajili ya upasuaji. Na ndiyo maana hapa kwetu, mgonjwa wa maumivu ya kifua akilazwa, damu ya ateri isichukuliwe mkono wa kushoto na kanula zisirundikwe kwenye kifundo chake. Kanula iwekwe mkono wa kulia. Karatasi yenye maneno “MKONO WA KUSHOTO USICHOMWE” juu ya kitanda haigharimu kitu.

Bado mtu aulizwe kazi yake. Mchonga vinyago anashika patasi mkono mmoja na nyundo mwingine. Mgema wa Lindi hupanda mnazi kwa mikono yote miwili. Radiali ikitolewa vizuri nguvu ya mkono haipungui kwa wengi, lakini ganzi juu ya kidole gumba hutokea pale neva nyembamba iliyo karibu na mshipa inapovutwa au kuunguzwa. Fundi wa kazi za mikono aambiwe hilo mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka, naye aamue. Mgonjwa wa figo aliye karibu na kusafishwa damu asiguswe radiali kabisa, kwani mkono huo utahitajika.

Ikishatolewa, sentimita 18 hadi 20 kwa mtu mzima, radiali hulowekwa. Dawa iliyofanyiwa kazi kubwa na mtafiti Guo-Wei He ni mchanganyiko wa verapamili miligramu 5, naitrogliserini miligramu 2.5, heparini yuniti 500 na bikaboneti ya asilimia 8.4 mililita 0.2, katika mililita 300 za maji ya dripu ya Ringer. Ile bikaboneti kidogo ndiyo inayoufikisha uchachu mahali pa damu, pH 7.4. Dawa zote hizo ni za kawaida katika maduka ya dawa ya hospitali kubwa, na bado ziko sehemu ambako mshipa huachwa kwenye maji ya chumvi matupu. Maji ya chumvi hayana kinga ya tindikali, na seli za utando wa ndani hufa humo wakati timu ikishughulika na mashine ya moyo na mapafu.

Nikifika kwenye vena ya mguu ndipo ninapoona uzembe unaorithishwa. Kwa desturi kazi hii hupewa daktari mdogo kuliko wote mezani. Huichuna vena hadi ibaki nyeupe, anaikunja kwa mkono, kisha anaijaza maji kwa bomba la sindano ili aone inapovuja. Bomba la sindano mkononi mwa mtu huweza kupandisha presha kupita milimita 300 za zebaki bila yeye kujua. Vena iliyozoea presha ndogo ya mguuni hupasuka utando wake wote wa ndani kwa mara hiyo moja, na kilichobaki ni bomba ambalo damu italigandia. Akitaka kupima uvujaji, atumie damu ya mgonjwa yenye heparini na asipite presha ya kawaida ya ateri.

Domingos Souza na wenzake wa Örebro, Sweden, walionyesha njia nyingine tangu miaka ya 1990: vena itolewe na mafuta yaliyoizunguka, kama nusu sentimita kila upande, isishikwe, isijazwe maji, iwekwe kwenye damu yenye heparini. Mafuta yale yana vimishipa vidogo vinavyoulisha ukuta, nayo hutoa kemikali za kuulegeza. Katika jaribio lao, baada ya miaka 16 vena 83 katika 100 zilikuwa wazi, dhidi ya 64 za njia ya kawaida. Jaribio lilikuwa dogo, na mguu hulipa gharama: kidonda hukawia, hutoa maji, huingia vijidudu, hasa kwa wenye kisukari na wanene. Daktari asiyekuwa na mpango wa kukitunza kidonda hicho asianze.

Hapo kuna onyo ambalo vitabu vya Ulaya havina sababu ya kulitaja. Pwani ya kusini imesumbuliwa na matende kwa miaka mingi. Mguu uliovimba kwa matende, hata ule unaovimba jioni tu na kushuka asubuhi, si wa kuchukuliwa vena. Limfu itachuruzika na kidonda hakitafunga. Mgonjwa akifika Dar es Salaam amelala kitandani tangu jana yake, mguu umeshuka na hakuna atakayejua. Lazima iandikwe kwenye rufaa kutoka huku: mguu upi huvimba, tangu lini. Vilevile mishipa iliyojikunja miguuni ionwe akiwa amesimama, na kanula zisiwekwe kifundoni mwa mguu upande wa ndani, pale vena ya safena inapoanzia.

Wapo wanaosema dawa ya yote haya ni kutumia ateri tupu, zote mbili za kifua kwa kila mtu. Jaribio kubwa kuliko yote, wagonjwa 3,102 katika hospitali 28 za nchi saba, liliwafuatilia kwa miaka 10, matokeo yakatoka 2019. Waliopangiwa ateri mbili za kifua walifariki asilimia 20.3, waliopangiwa moja asilimia 21.2, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Watetezi hujibu, na wana haki, kwamba takribani mmoja kati ya kila watano wa kundi la ateri moja alipewa pia radiali, na baadhi ya waliopangiwa mbili waliishia na moja. Hata nikikubali hayo yote, mgonjwa wetu wa kawaida ana miaka 60 na zaidi, ana kisukari, na akipata kidonda cha kidari atarudi kwenye kijiji chenye zahanati yenye shashi na spiriti. Msimamo wangu kwa huyo: ateri ya kifua ya kushoto, radiali ya kushoto kama kizibo ni kikubwa, na vena iliyotolewa na mafuta yake kwa kilichobaki. Ateri ya pili ya kifua ibaki kwa kijana asiye na kisukari, mikononi mwa daktari anayechuna kila wiki.

Na kuna kipimo ambacho kila zahanati ya Ruangwa au Nanyumbu inaweza kukifanya leo: presha mikono yote miwili. Ateri ya kifua ya kushoto hutoka kwenye ateri inayolisha mkono wa kushoto. Presha ya kushoto ikiwa chini ya ile ya kulia kwa milimita 15 hadi 20 au zaidi, huenda ateri hiyo imebanwa tangu juu, na mshipa bora kuliko yote mwilini utapandikizwa ukiwa hauna damu ya kuupeleka moyoni. Tarakimu mbili kwenye karatasi ya rufaa zinamwambia daktari wa Dar es Salaam apige picha kabla ya kukata.

Kwa hiyo barua ya kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini au hospitali yoyote ya wilaya ingepaswa kuwa na presha ya mikono yote, kipimo cha Allen cha mkono wa kushoto, hali ya miguu akiwa amesimama, mkono anaotumia na kazi anayofanya, wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo, na kama anavuta sigara. Ni nusu ukurasa. Sukari ishushwe huku kabla ya safari. Kumpeleka na sukari ya milimoli 15 kwa lita ni kumwongezea siku za kusubiri mjini na kukiharibu kidonda kabla hakijakatwa.

Kurudi nako kuna karatasi yake. Barua ya kuruhusiwa itaje mshipa gani ulishonwa wapi, ulitolewa kwa njia gani, na mkondo uliopimwa mezani: chini ya mililita 20 kwa dakika pamoja na kielezo cha mdundo (PI) cha juu ya 5 ni dalili ya mshipa wa kuangaliwa kwa karibu. Aspirini na statini, dawa ya kushusha mafuta ya damu, ni za maisha. Aliyepewa radiali huhitaji pia dawa ya kuilegeza, mfano amlodipini au diltiazemu, kwa mwaka wa kwanza, na hapa ndipo pengo lilipo: amlodipini huonekana kwenye daftari la kliniki kama dawa ya presha, mgonjwa akipimwa presha nzuri anaambiwa aache. Iandikwe pembeni yake, kwa wino unaoonekana, kwamba ni ya mshipa wa moyo na isisitishwe kabla ya tarehe iliyotajwa. Na mfamasia wa Masasi au Kilwa apewe nakala, ili akiishiwa aagize mapema, mgonjwa asikae wiki mbili bila dawa barabara ikikatika.